Kabla Hujasema Timu Yako Ina Benchi, Hesabu Dakika 240

Nina daftari ambalo kila mwaka, wiki chache kabla msimu wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, haujaanza mwezi Oktoba, nalitoa kabatini na kuanza kuandika hukumu zangu. Timu 30, kurasa 30. Msimu ukiisha narudi kusoma nilichoandika, na hapo ndipo aibu inapoanza.

Ukurasa unaoniumbua kuliko yote ni wa timu moja ambayo sitaitaja, maana kosa lilikuwa langu, si lao. Walikuwa wamesajili wafungaji watatu wa akiba kwa mpigo, kila mmoja akitoka alikotoka na wastani wa pointi zaidi ya kumi kwa mechi. Nikajumlisha. Nikaandika kwa wino, nikapiga na mstari chini yake: "Benchi bora kuliko yote." Kufika Desemba kocha alikuwa anamtumia mmoja tu kati ya hao watatu. Wote walizoea kucheza mpira ukiwa mkononi mwao. Ukiwaweka pamoja, mmoja anaudunda mpira mpaka saa ya sekunde 24, muda wa shambulizi moja, inakaribia kuisha, na wawili wamesimama pembeni mikono kiunoni wakingoja zamu. Na upande wa ulinzi, hakuna hata mmoja aliyeweza kumkaba gadi, yule mchezaji wa nje anayeongoza mpira, mwenye miguu myepesi.

Tangu siku hiyo sianzii kwenye pointi. Naanzia kwenye dakika.

Mechi ya NBA ni dakika 48, wachezaji watano uwanjani, kwa hiyo kocha ana dakika 240 za kugawa kila usiku. Watano wanaoanza wakicheza dakika 33 kila mmoja, hizo ni 165. Zinabaki 75. Benchi lote, pamoja na kelele zote za usajili, ni hizo dakika 75. Mpe wa sita 25, wa saba 20, wa nane 18, wa tisa 12, umemaliza. Timu ina mikataba ya kawaida 15, lakini dakika zinawatosha watu tisa, kumi akiwa mkarimu. Mtu akikuambia timu yake ina watu kumi na wawili wa kucheza, muulize watatu wa mwisho watakula dakika za nani.

Hapo ni pale ambapo wote ni wazima, na wote kuwa wazima hakudumu. Mechi 82 ndani ya muda usiotimia miezi sita, safari usiku, mechi mbili siku mbili mfululizo: mtu ataumia, mwingine atapumzishwa. Ndiyo maana zoezi langu la pili nalifanya kwa penseli. Naandika majina tisa na dakika zao, halafu nafuta jina moja la wale watano na kujaza upya.

Wengi wakifika hapa macho yanaenda kwa mtu wa sita. "Ataanza yeye, hamna tabu." Kweli hamna tabu, mtu wa sita kwa kawaida ni mchezaji mzuri. Lakini angalia pengo linavyoshuka ngazi. Wa sita kapanda, wa saba kawa wa sita, wa nane kawa wa saba, mpaka unafika kwa mtu wa kumi, ambaye juzi alimaliza mechi nzima na jezi ya kupashia misuli, na leo anapewa dakika 14 dhidi ya timu inayokimbia. Nyota akiumia, anayejaribiwa ni huyo wa chini kabisa. Mimi namtafuta huyo kwanza, ninamtazama mechi zake tatu nne nzima, kabla sijamgusa mtu wa sita ambaye kila mtu anamjua.

Oklahoma City Thunder ya msimu wa 2024-25 ni mfano ninaourudia mpaka marafiki wamechoka. Isaiah Hartenstein, senta (yule mrefu wa chini ya kikapu) waliyemsajili, alianza msimu akiwa majeruhi. Novemba Chet Holmgren akavunjika mfupa wa nyonga, akaishia kucheza mechi 32 tu za msimu wa kawaida. Ikafika mahali Jalen Williams, ambaye si senta kwa namna yoyote ile, ndiye anaruka mpira wa kuanzia. Timu iliyopoteza masenta wake wote wawili kwa wakati mmoja kwa kawaida inazama. Wao walishinda mechi 68, kisha wakachukua ubingwa. Sababu kubwa ni kwamba watu wao wa saba, wa nane na wa tisa, kina Cason Wallace, Aaron Wiggins na Alex Caruso, wote wanajua kukaba. Anayeingia hafiki na mchezo wake mkononi. Anauendeleza ule alioukuta, na ulinzi ukibaki vilevile, kocha anaweza kubahatisha kwenye mashambulizi.

Nikirudi kwenye pointi: kuna mtego mwingine ambao takwimu za benchi zinatuwekea kila mwaka. Kuanzia benchi ni uamuzi wa kocha, wala si kipimo cha ubora. San Antonio Spurs ya 2007-08 ilikuwa na Manu Ginobili akitokea benchi, akachukua tuzo ya mchezaji bora wa sita, yaani bora kati ya wanaotokea benchi, na bado ndiye aliyeongoza timu nzima kwa wastani wa pointi. James Harden naye alichukua tuzo hiyo mwaka 2012 akiwa Oklahoma City. Ukisoma "benchi lao linafunga sana" kwa timu ya namna hiyo, ulichoambiwa ni kwamba kocha kamweka mmoja wa wakali wake pembeni kwa dakika sita za mwanzo. Upana wa kikosi haujaongezeka hata kwa mtu mmoja. Na kinyume chake kipo: timu inaweza kuonekana ina benchi kimya kwa sababu wale wa akiba wanaingia wakiwa na nyota mmoja uwanjani, na kazi yao ni kukaba na kupiga mitupo ya pointi tatu wakipasiwa.

Kwa hiyo dakika za nani, na akiwa na nani. Kama una muda wa kutazama sehemu mbili tu za mechi ya timu unayoipima, tazama mwanzo wa robo ya pili, na mwisho wa robo ya tatu kuingia ya nne. Huko ndiko nyota anakopumzika. Mimi nina tabia ya kuandika tofauti ya pointi anapokaa na tofauti anaporudi, basi, hakuna fomula. Mechi kumi za namna hiyo zinakuonyesha mengi kuliko jedwali la wastani. Ila usizihesabu zile dakika za mwisho za mechi iliyokwisha amuliwa, ambako vijana wanafunga pointi kumi dhidi ya vijana wenzao na takwimu zao zinanenepa bure.

Denver Nuggets ndiyo timu iliyonifundisha kutazama hivyo. Miaka mingi nyota wao Nikola Jokić akikaa benchi, uongozi unayeyuka. Mwaka wa ubingwa, 2023, walikuwa na Bruce Brown akitokea benchi, mtu anayekaba nafasi tatu, anayekata kwenda kikapuni bila mpira, asiyehitaji kuchorewa mchezo. Baada ya ubingwa akaenda Indiana, Jeff Green akaenda Houston. Nikaandika kwenye daftari kwamba mtu mmoja wa akiba hawezi kubadilisha timu yenye Jokić. Mei 2024 walikuwa wanaongoza kwa pointi 20 katika mechi ya saba nyumbani dhidi ya Minnesota, na wakapoteza. Sisemi Brown angeuzuia usiku ule peke yake, watu walikuwa wamechoka na mambo yalikuwa mengi. Lakini ile sentensi yangu niliifuta.

Brown aliondoka kwa sababu ya fedha, na hapo ndipo mashabiki wengi hawapendi kuangalia. Tangu mkataba mpya wa ligi na wachezaji wa 2023, timu zinazovuka kiwango cha juu kabisa cha mishahara zinafungwa mikono: haziwezi kutumia ile nafasi ya kumsajili mchezaji wa kati kwa mshahara wa kati, haziwezi kuunganisha mikataba miwili kumpata mchezaji mmoja mkubwa. Zinabaki na mikataba ya kima cha chini. Boston Celtics, mabingwa wa 2024, mwaka uliofuata waliwaachia Jrue Holiday na Kristaps Porziņģis katika mabadilishano, na Luke Kornet akaenda zake San Antonio. Kwa hiyo kabla ya kupima benchi la timu yenye nyota watatu wanaolipwa sana, tazama orodha ya mishahara. Ukiona chini ya wale watatu wamejaa watu wa mwaka mmoja mmoja, ujue kocha anaokota.

Na usiwahesabu wenye mikataba ya njia mbili, wale wanaogawana muda kati ya timu kubwa na timu yake ya G League, ligi ndogo ya kukuza wachezaji. Wanaruhusiwa watatu kwa timu, wanaweza kuwa kikosini mechi 50 tu, na kwenye mchujo, mechi za mtoano baada ya msimu wa kawaida, hawachezi mpaka wapewe mkataba wa kawaida. Januari wanakuokoa. Mei hawapo.

Ambayo inanileta kwenye jambo ambalo nililielewa kwa kuchelewa: kuna mabenchi mawili. La msimu wa kawaida kazi yake ni kubeba mzigo. Spurs ya 2013-14 ndiyo kilele chake, hakuna hata mchezaji mmoja aliyefikisha wastani wa dakika 30, wakashinda mechi 62, wakafika fainali na miguu bado mizima na kuifunga Miami mechi nne kwa moja. Benchi la mchujo ni jingine. Makocha wanabana, tisa wanakuwa wanane, na kila anayeingia anawindwa. Hana ulinzi? Wapinzani watamtafuta kila shambulizi mpaka atolewe. Kwa hiyo kwa mchujo sihesabu watu, nahesabu majibu. Nani anaingia kumkaba gadi mdogo mwenye kasi? Senta akipata faulo ya nne robo ya tatu, nani anakaa chini ya kikapu? Golden State mwaka 2015 walikuwa na Andre Iguodala, ambaye hakuanza hata mechi moja ya msimu wa kawaida. Fainali zikawa ngumu, akapewa kumkaba LeBron James, akaanzishwa mechi ya nne, na akaondoka na tuzo ya mchezaji bora wa fainali.

Wapo wasiobana. Kocha Rick Carlisle na Indiana Pacers yake ya 2025 walitumia watu kumi mpaka fainali, na mechi ya tatu dhidi ya ileile Thunder ninayoisifu nimeirudia mara nyingi. Benchi la Indiana lilifunga pointi 49, la Oklahoma City 18. Bennedict Mathurin peke yake 27. Lakini mtazame T.J. McConnell, gadi mdogo kuliko karibu kila mtu uwanjani. Indiana wakifunga, wenzake wanarudi nyuma kukaba kama kawaida, yeye anabaki pale karibu na mstari wa mwisho, amegeuka kama mtu anayeondoka. Mpinzani anaokota mpira na kuurusha ndani kivivu, na huyo hapo keshauchomoa. Alifanya hivyo zaidi ya mara moja usiku ule. Alimaliza na mipira mitano aliyopora na pasi tano za kufunga ndani ya dakika zisizozidi 15. Hizo dakika 15 ndizo ninazotafuta ninapofungua ukurasa wa timu.

Kitu cha mwisho ninachoandika kabla ya msimu ni jina la kocha, maana yeye ndiye mwenye ufunguo. New York Knicks ya 2024-25, chini ya Tom Thibodeau, ilikuwa na Josh Hart aliyeongoza ligi nzima kwa wastani wa dakika kwa mechi. Unaweza kubishana usiku kucha kama benchi lile lilikuwa bovu au halikuaminiwa. Walifika fainali ya kanda ya Mashariki, wakatolewa na hao Pacers wa watu kumi, na kocha akafukuzwa. Ninachotazama mechi za maandalizi ni hicho tu: ikikaribia dakika ya sita ya robo ya kwanza, nani anavua jezi ya kupashia kwanza, na anaingia badala ya nani. Pointi za maandalizi hata sizisomi.

Daftari la msimu huu limeshafika ukurasa wa 22. Timu saba nimezikwamia mstari wa tisa, na nyingine mbili nilizodhani ni za ubingwa nimefuta jina la senta na mpaka sasa nafasi yake iko wazi. Naandika kwa penseli.