Corolla inamisi: usikimbilie kununua sensa

Mkuu, sensa ya oksijeni (kifaa kinachopima oksijeni kwenye ekzozi) isubiri. Umesema Corolla yako ya 2003, injini 1NZ-FE, inamisi (inakosa kuchoma mafuta) ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, mashine ya kupima imesoma kodi (namba za hitilafu) P0302 na P0171, na fundi anataka abadilishe sensa. P0302 ni silinda ya 2 haichomi vizuri. P0171 ni hewa imezidi petroli. Silinda isipochoma, oksijeni yake inatoka nzima hadi kwenye ekzozi, na sensa inaripoti inachokikuta. Huenda haina kosa lolote.

Injini hiyo ina koili (kifaa kinachopeleka umeme wa cheche kwenye plagi) moja kwa kila silinda, nawe itumie nafasi hiyo. Zima gari, badilishana koili ya 2 na ya 3, futa kodi, endesha kidogo. Ikija P0303, koili ndiyo mbovu. Ikirudi P0302, chomoa plagi ya silinda ya 2 uitazame vizuri: oili kwenye nyuzi, au ufa mwembamba kwenye kauri nyeupe. Kagua pia mipira ya hewa kwenye inteki (njia ya hewa kuingia kwenye injini). Iliyopasuka mara nyingi hupiga mluzi.

Taa ya injini ikianza kumweka, tafadhali usiendelee kukanyaga mafuta. Petroli isiyochomwa inaunguza masega ya ekzozi (katalisti, kisafisha moshi), na bei ya masega hayo ni kubwa kuliko ya koili.