Nyatiti inakoroma, fundi wa gitaa anataka kuifumua: nimpe?

SWALI: Shikamoo fundi. Pale kivuko cha Kamanga niliwakuta wazee wawili, mmoja kakaa kwenye kistuli kifupi anapiga ala ya nyuzi nane, njuga mguuni na pete ya chuma kwenye dole gumba la mguu. Ikanikaa moyoni nikatafuta ya kwangu, muuzaji akasema ni zeze. Shida inakoroma kama ina nyuki ndani na haishiki tyuni. Fundi gitaa wa mtaani anataka elfu 80 aweke nyuzi za chuma, funguo za gitaa na aitoe ile nta ya kwenye daraja. Nimpe?

JIBU: Marahaba. Usimpe hata mia.

Zeze ni kitu kingine kabisa, hiyo ni nyatiti ya Wajaluo, hata Rorya hapo ipo, na ile pete mzee anagongea mbao ya ala huku vidole viko kwenye nyuzi. Wakurya wa Tarime wana litungu, hiyo ni ndugu ya nyatiti.

Sasa hao nyuki. Naletewa hii kesi mpaka nimechoka, jamani mkoromo ndo sauti yenyewe! Daraja lake, pale nyuzi zinapoegemea juu ya ngozi, ni la matete yameshikizwa na nta, makusudi kabisa, uzi ukitikisika uwe unagusagusa pale ulie hivyo. Ukitoa nta unabaki na kitu kinalia tik tik kama kamba ya kuanikia nguo. Tumezoea gitaa la kwenye spika basi chochote kinachokwaruza tunaona kibovu.

Na hizo nyuzi za chuma ndo balaa lenyewe, maana gitaa lina shingo nzima ya mti ya kubeba mvuto, nyatiti ina mikono miwili na kijiti juu, chini ni ngozi ya ng'ombe tu, ukikaza chuma mpaka kilie daraja linadidimia kwenye ngozi, mikono inapinda, siku mbili tatu unasikia kaa! Hapa mezani ninayo moja imebonyea katikati kama sahani, na mwenyewe alishalipa huko alikotoka. Nenda soko la Mwaloni kanunue mshipi wa nailoni wa unene tofauti, zamani ilikua kano za ng'ombe, siku hizi wapigaji wengi ni mshipi huohuo wa kuvulia. Tyuni inashuka sababu mvua hizi ngozi inalegea, iweke juani kidogo, sio kwenye jiko la mkaa. Na app ya kutyunia gitaa kwenye simu zima, nyatiti inafuata koo la anayeimba.

Hawa mafundi wa "nakuboreshea" muwaogope. Wanatoboa tundu la jeki ya waya wa spika, wanapaka vanishi mpaka juu ya ngozi, ngozi inakua kopo. Na wauza nyatiti za mapambo nao ni walewale. Kabla hujatoa hela shika vile vizingo vya kitambaa nyuzi zinapofungiwa kwenye kijiti cha juu, ndo vya kutyunia, vizungushe. Vikigoma vimepigwa gundi, hiyo ni ya kutundika sebuleni, mrudishie.