Kiwewe hakitoki kwa kuambiwa "sahau"

Basi letu lilipopinduka barabara ya Morogoro, kila aliyekuja kunipa pole alikuwa na neno lile lile: mshukuru Mungu u mzima, yaliyopita si ndwele. Methali nzuri, ila kwa mwenye kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya tukio la kutisha, yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe. Miezi ilipita, na bado lori likitoa upepo wa breki mtaani nilijikuta nimeshachuchumaa nyuma ya kochi, jasho linanitoka. Nikisikia harufu ya dizeli, niko ndani ya basi tena.

Siku za mwanzo kushtukashtuka ni kawaida, na wengi hupoa wenyewe. Ukipita mwezi na bado unaota majinamizi, unakwepa njia fulani na umekuwa mkali kwa watoto bila sababu, nenda kliniki ya afya ya akili, hata ile ya hospitali ya mkoa. Watakaosema unapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, waache waseme.

Mimi nilitibiwa kwa njia ya masimulizi. Si jambo la wazungu wa kwenye makochi tu: katika kambi ya Nakivale, Uganda, watu wasio madaktari walifundishwa kuitoa kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia, ikawasaidia. Mshauri alitandaza kamba sakafuni, mwanzo wake siku niliyozaliwa, akanipa maua na mawe. Ua kwa jambo jema, jiwe kwa baya. Nikaweka ua la harusi ya dada, jiwe la msiba wa baba, kisha lile jiwe kubwa.

Vikao vilivyofuata tulisimulia kwa mpangilio kuanzia utotoni, na tulipofika kwenye jiwe kubwa akapunguza mwendo. Ulikaa upande gani? Mkononi ulishika nini? (Mfuko wa machungwa.) Moyo ulikwendaje wakati ule, na sasa hivi unakwendaje? Hilo la mwisho alilirudia mpaka likanikera. Kumbe kazi yote iko hapo. Kumbukumbu ya kiwewe hukaa vipandevipande, mlio huku, harufu kule, haina tarehe wala mahali. Kwa swali lile mwili unaanza kuelewa kwamba ule ulikuwa wakati ule, si sasa. Aliandika kila kitu, kikao kinachofuata ananisomea, nasahihisha, tunaendelea.

Kwa hiyo ukitafuta mshauri, muulize waziwazi: umewahi kutibu kiwewe, na unatumia njia gani? Anayekulazimisha umwage yote siku ya kwanza, au anayekuaga huku bado unatetemeka, mwache. Mzuri hungoja hofu ishuke ndiyo afunge kikao. Jiandae pia kwamba usiku wa siku hiyo huenda usilale vizuri. Usipange kazi nzito kesho yake.

Dawa zipo. Daktari anaweza kukuandikia sertralini, ambayo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Vidonge vya usingizi vya kununua duka la dawa kimyakimya, kama diazepamu, haviponyi kiwewe na vinazoeza vibaya. Dua na maombi endelea navyo, havigombani na kliniki.

Na mawazo ya kujiua yakija, usingoje siku ya kikao. Mwambie mtu aliye karibu akupeleke hospitali saa hiyo hiyo, idara ya dharura, hata kama ni usiku.