Kupoti hedi ya lori la tabo: niliyoyaona kwa hedi mbili

Mkuu, umesema lori lako ni la tabo (feni inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa ndani), silinda sita, unapiga Kigoma–Tabora, gasketi ya hedi, yaani ya kile kichwa kinachofunika silinda juu, imeungua, na fundi amekushauri kwamba hedi ikishafunguliwa muichonge njia za hewa ili gari livute zaidi. Unauliza kama hela hiyo itarudi.

Mimi niko Tabora. Gari langu linabeba marobota ya tumbaku kutoka Urambo na Kaliua kwenda Morogoro, na nimeshachonga hedi mbili za injini ileile, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyalipia mwenyewe. Kama pampu ya mafuta, nozeli zinazonyunyiza mafuta hayo na tabo bado ni zile zilizokuja na gari, usitoe hela hiyo. Kama injini imeshaongezwa mafuta na kufungwa tabo kubwa, kazi hiyo ina faida ya kweli, ila faida yake haiko pale mafundi wengi wanapoitafuta.

Kwanza tuelewane maneno, maana hapa watu wanapigwa hela. Kusaga hedi ni kunyoosha uso wake pale gasketi inapokaa. Kusaga valvu ni kuzifanya zikae vizuri kwenye siti zake, zile pete zinapofungia. Kupoti ni kazi nyingine kabisa: unaingiza grainda ndogo ndani ya matundu ambamo hewa inaingia na moshi unatoka, unapunguza chuma. Fundi akikwambia "nimeshughulikia hedi" muulize ni ipi kati ya hizo tatu.

Injini yangu ni Cummins 6BT, lita 5.9, valvu 12, yaani kila silinda ina valvu moja ya kuingiza na moja ya kutoa. Nilipoinunua nikaongeza mafuta kwenye pampu, nikafunga tabo kubwa kidogo, ikavuta vizuri sana. Shida ikawa joto. Nilikuwa nimefunga kipima joto kwenye manifodi ya ekzosi, bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, kabla ya tabo, na kwenye mlima wa Sekenke, ukishavuka bonde la Wembere na kuipita Shelui umebeba mzigo kamili, kilikuwa kinafika nyuzi 720 na bado kinapanda. Nilikuwa nalazimika kupunguza mafuta katikati ya mlima na kushuka gia moja zaidi. Fundi mmoja akaniambia dawa ni kupoti hedi, nami nikakubali siku hiyohiyo.

Alichonga upande wa kuingiza hewa. Alitanua matundu, akaondoa lile bonge na mkunjo vilivyo juu kidogo ya valvu, akasugua mpaka kukang'aa kama kioo. Ilipendeza mno kuiangalia. Gari likafungwa, tukatoka kwenda Urambo, na kabla hatujafika utingo wangu akaniuliza kwa nini nyuma hakuonekani. Kila nilipoondoka kwenye kituo au kuvuta kutoka mizunguko 1,200 kwa dakika lilitoa moshi mweusi tii, likasita, ndipo likakamata. Mafuta yakaongezeka kuliwa. Joto mlimani halikushuka.

Ilinichukua muda kuelewa kosa. Kwenye dizeli ya namna hii nozeli inanyunyiza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, kwenye lile bakuli lake, kupitia vitundu vichache. Kila mnyunyizo unakwenda upande wake, na hauwezi kufika kila mahali wenyewe. Hewa ndiyo inatakiwa izunguke iufuate. Sukari uliyoitia kwenye chai usiikoroge, utakunywa chai chungu na chini ya kikombe sukari imelala; mafuta nayo ni hivyohivyo, hewa ipo ya kutosha lakini hayajakutana nayo, yanatoka nje kama masizi. Kinachoikoroga hewa ni ule mkunjo wa tundu la kuingizia, uliochorwa hivyo makusudi na waliobuni injini. Fundi wangu aliuona kama kizuizi akaufyeka. Injini ikizunguka kwa kasi inajisaidia kidogo, ila pale chini, ambapo lori la mzigo linaishi, inakosa.

Miezi mitatu baadaye maji ya rejeta yakaanza kupungua bila kuvuja nje. Ukuta kati ya tundu na njia ya maji ulikuwa umebaki mwembamba, ukapasuka. Gari lilikufa karibu na Igunga na mzigo wa mtu juu. Hedi ile haikutengenezeka. Nililia, sikufichi, maana ilikuwa msimu na kila siku ya kulala njiani ilikuwa hela.

Kabla ya hedi ya pili nilikaa chini na kalamu, na hesabu hii ndiyo ningependa uifanye na wewe. Injini yangu haivuki mizunguko 2,600. Kwenye 2,500 kwa dakika, pistoni inapata sekunde 0.012 ya kushuka na kuvuta hewa. Gari dogo la petroli la mashindano likizunguka 7,500 linapata sekunde 0.004. Hao wana sababu ya kugombania kila milimita ya tundu. Sisi tuna muda mara tatu, na juu ya hapo tabo inaisukuma hewa iingie kwa nguvu. Wenzetu wa Marekani wanaovuta mizigo kwa mashindano wanachonga hedi za 6BT mpaka wanakata ile sanduku ya hewa iliyoumbwa pamoja na hedi na kufunga bomba la kila silinda peke yake, lakini injini zao zinazungushwa kupita 4,000. Anayekuonyesha video zao anakuonyesha kazi tofauti na yako.

Sasa angalia intakula, ile rejeta inayopoza hewa ikitoka kwenye tabo. Hewa ikitoka kwenye tabo kwa nyuzi 120 na intakula ikaishusha mpaka 60, kwa msukumo uleule unapata hewa nzito zaidi kwa karibu asilimia 18, bila kugusa hedi. Na vumbi la njia za kuingia kwenye maghala ya tumbaku linaziba intakula na ea klina (chujio la hewa) kuliko kitu chochote. Nilipoitoa intakula yangu kuiosha, mapezi yalikuwa yamejaa udongo na mafuta nusu nzima. Tabora tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe imeshapungua zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na Dar, tabo inazunguka zaidi kufidia. Ukiiongezea na klina iliyoziba, joto litapanda tu.

Niliosha intakula, nikabadilisha klina, nikafunga ekzosi pana kuanzia kwenye tabo. Joto la Sekenke likashuka mpaka 690. Hiyo ni kabla ya hedi.

Hedi ya pili nilipeleka Mwanza kwa basi, nikakaa hukohuko. Upande wa kuingiza hatukugusa umbo. Tuliondoa tu zile ncha na mabaki ya chuma yaliyobaki kiwandani wakati wa kuimimina, tukaiacha na ukali wa msasa, hakuna kung'arisha. Kazi kubwa ilikuwa upande wa ekzosi. Pale moshi unakutana na bonge la gaidi ya valvu (kibomba kinachoongoza mti wa valvu) na kona kali chini ya siti, na pistoni inatumia nguvu ya injini kuusukuma utoke. Tulilainisha kona, tukapunguza bonge kidogo bila kufupisha gaidi, tukanyoosha mdomo wa tundu ulingane na manifodi pasipo kuzidi gasketi. Gaidi mpya, siti zikachongwa pembe tatu, valvu zikasagwa. Kisha tukaziba njia za maji, tukajaza hewa, tukaizamisha hedi kwenye pipa la maji ya moto kuangalia mapovu. Usikubali kufunga hedi iliyochongwa bila kipimo hicho.

Mlima uleule, mzigo uleule, asubuhi: 650. Geji ya tabo ikashuka kutoka ba 1.5 mpaka 1.4, na dereva wangu akadhani tabo imechoka. Haikuchoka. Geji inapima hewa inavyobanana kabla ya kuingia. Ikipita kwa urahisi kubanana kunapungua, na gari lilikuwa linavuta vizuri kuliko mwanzo. Kiasi gani cha hizo nyuzi 40 ni kuchonga na kiasi gani ni valvu mpya, siwezi kutenganisha, na naamini valvu zina sehemu kubwa.

Kwa hiyo wewe mkuu, hedi iko chini tayari: lipia kusaga uso, gaidi, siti na valvu, na kipimo cha kwenye pipa. Mwambie fundi asiingize grainda upande wa kuingiza. Akimaliza hayo na hela ikabaki, ipeleke kwenye intakula na kipima joto. Ukishaongeza mafuta siku moja na joto likakusumbua milimani, tuzungumze habari ya upande wa ekzosi.