Kinyota hakimaanishi kubahatisha

Umeuliza kwa nini tuiamini mizizi ya maneno ya lugha mame ya Kihindi-Kiulaya, yaani lugha ya kale iliyozaa Kilatini, Kiingereza na nyingine nyingi, mizizi ambayo wanaisimu huitanguliza kwa kinyota (*), ilhali hakuna msemaji wake aliyewahi kuiandika. Msingi wake si kufanana kwa maneno, kwani kufanana kunaweza kuwa sadfa au mkopo, bali ni tofauti za sauti zinazojirudia kwa utaratibu: baba ni pater kwa Kilatini na father kwa Kiingereza, samaki ni piscis na fish, na mguu ni pes na foot; p ya Kilatini hulingana na f ya Kiingereza.

Ushahidi unaonishawishi zaidi, hata hivyo, ni huu. Mwaka 1879 mwanaisimu Ferdinand de Saussure, akiwa bado mwanafunzi, alidai kwamba mabadiliko ya irabu katika mizizi hiyo hayaelezeki ila tukikubali kuwa zilikuwapo sauti fulani zilizokwisha kutoweka katika lugha zote za familia hiyo zilizojulikana wakati wake. Mwaka 1915 mtaalamu wa lugha za kale Bedřich Hrozný alionyesha kwamba Kihiti, lugha iliyoandikwa kwenye vibao vya udongo huko Anatolia (Uturuki ya leo), ni ya ukoo huohuo, na mwaka 1927 mwanaisimu Jerzy Kuryłowicz akabainisha kwamba Kihiti kina h pale ambapo baadhi ya sauti hizo zilitarajiwa. Kilatini kina ante, yaani mbele. Kihiti kina hant-, yaani paji la uso.

Matamshi halisi ya sauti hizo zilizotoweka bado yanabishaniwa, na ndiyo maana kinyota hubaki: huashiria umbo lililokokotolewa, si lililoshuhudiwa.