Maswali ya kusoma ng'ambo: wakala, akaunti iliyofungwa na herufi moja kwenye cheti

Mwezi huu wengi mmeuliza Ujerumani, nadhani kwa sababu neno "bure" lina miguu mirefu. Nayajibu machache.

Habari za kazi. Wakala mmoja hapa mjini anataka milioni tatu ampeleke binti yangu chuo cha bure Ujerumani. Nimpe? (Baba, Morogoro)

Njema, mzee wangu. Usimpe bado. Mwambie akuandikie kwenye karatasi hiyo milioni tatu inalipia nini. Vyuo vingi vya umma kule havitozi ada, ni mchango wa muhula tu. Jimbo la Baden-Württemberg ndilo limejitenga: tangu 2017 linawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Maombi anaweza kuyatuma binti mwenyewe kwenye tovuti ya chuo au kupitia uni-assist, kituo kinachopokea maombi kwa niaba ya vyuo vingi vya kule, ambako ombi la kwanza ni euro 75 na kila linalofuata 30. Mlango wa nyuma haupo.

Mzigo wenyewe uko kwingine, na mawakala huutaja mkishalipa. Ili apate viza lazima aonyeshe atajikimu vipi, na kwa kawaida hiyo ni euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa. Hela inabaki yake. Akifika anaruhusiwa kutoa euro 992 kila mwezi, basi. Kama mna ndugu anayeishi kule na kipato chake kinatosha, anaweza kumdhamini kwa maandishi katika ofisi ya uhamiaji ya mji wake. Mpigieni simu mapema, msingoje wiki ya viza. Wajomba wa ng'ambo nao wana kodi ya nyumba.

Shikamoo dada. Nimemaliza kidato cha sita Mei, nasubiri matokeo. Nitawahi kuanza Ujerumani Oktoba hii? (Tabora)

Marahaba mdogo wangu. Sidhani. Matokeo hutoka Julai, na vyuo vingi kule hufunga maombi ya muhula huo tarehe 15 Julai. Tena kozi nyingi za shahada ya kwanza zisizo na ada hufundishwa kwa Kijerumani, na wanataka kiwango cha C1 hivi. Cha salamu hakitoshi. Omba vyuo vya nyumbani kama wenzako, anza lugha sasa, na uangalie kwenye tovuti ya DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi, kama cheti chako kinakuingiza chuo moja kwa moja au utapitia kwanza mwaka wa maandalizi, wanaouita Studienkolleg.

Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha kidato cha nne kinasema Mohammed. Pasipoti sijaomba. Kuna shida? (Tanga)

Ipo, na una bahati umeiona kabla ya pasipoti. Mimi sikuiona. Cheti changu cha shule kilikuwa na majina mawili, cha kuzaliwa matatu. Nikafika dirishani na bahasha yangu ya kaki, dada wa pale akaviweka vyeti sambamba, akavitazama, akanirudishia bila kuinua kichwa. "Huyu na huyu ni mtu mmoja?" Nilikula miezi miwili nikithibitisha kwamba mimi ni mimi.

Kwa hiyo leo jioni tandaza kila kitu mezani: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya Baraza la Mitihani, kitambulisho cha NIDA. Soma herufi kwa herufi, na tarehe za kuzaliwa pia. Vya Baraza ndivyo vigumu kugusa, kwa hiyo ona kama vingine vinaweza kuvifuata. Kwa herufi moja, mara nyingi kiapo mbele ya wakili kinatosha. Jina likiwa tofauti kabisa, utahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Ukishapata pasipoti, jina lake ndilo utakaloandika kila mahali, hata kwenye IELTS, ule mtihani wa Kiingereza. Na huo mtihani usiukimbilie, matokeo yake huhesabika miaka miwili tu.

Barua ya kuomba nafasi niianzeje? Nimeandika "tangu utotoni nimekuwa na ndoto". (Mwanza)

Futa. Wanaosoma barua hizo wamechoka na ndoto. Kama unaomba uhandisi wa maji, anza na kile kisima cha kwenu kinachotoa maji ya chumvi: kina urefu gani, nani alikichimba, wewe ulijaribu nini. Kisha taja somo moja la kozi yao linalogusa kisima hicho. Ukurasa mmoja unatosha.

Nina miaka 24. Naweza kuomba ufadhili wa Uturuki, Türkiye Bursları, kwa shahada ya kwanza? (Kigoma)

Hapana, kwa shahada ya kwanza wanataka aliye chini ya miaka 21. Maliza shahada hapa, kisha omba ya uzamili, ambako mpaka ni chini ya 30. Dirisha kwa kawaida hufunguliwa 10 Januari na kufungwa 20 Februari. Kuomba hakuna malipo, kwa hiyo akikuomba mtu "hela ya fomu", mfungie simu.