Siku ya Krismasi Tulikuwa Darasani

Swali la wiki hii linauliza kama mtu anayejitolea kufanya kazi katika nchi ya kigeni ahamishie huko sikukuu za kwao au afuate za wenyeji. Jibu langu ni kwamba afuate za wenyeji, na za kwao aziadhimishe chumbani kwake bila kumsumbua mtu. Nasema hivyo kwa sababu mwezi Desemba mwaka 2018 nilikuwa mwalimu wa kujitolea wa Kiingereza katika shule moja ya sekondari mjini Debre Birhan, Ethiopia, ambako tarehe 25 ilikuwa Jumanne kama Jumanne nyingine na kengele ya kipindi cha kwanza ililia kama kawaida.

Kwa asiyeifahamu nchi ile, Ethiopia ina kalenda yake yenye miezi 13, kumi na miwili ya siku 30 na mmoja wa siku 5 au 6, na mwaka wake huanza Septemba. Kwa hiyo wakati nyumbani wanauaga mwaka 2018, sisi ubaoni tulikuwa tukiandika 2011. Krismasi yao, yaani Genna, huangukia tarehe 29 ya mwezi wa Tahsas, ambayo kwetu ni Januari 7. Wala hilo si la Waorthodoksi peke yao, kwa maana hata Kanisa la Mekane Yesus, ambalo ni la Kilutheri kama langu, husherehekea siku hiyohiyo, hivyo sikuwa hata na usharika wa kukimbilia.

Mimi ni mzaliwa wa Marangu, na anayeijua Kilimanjaro anajua Desemba ina uzito gani kwetu: mabasi ya kutoka Dar es Salaam hujaa, ukoo mzima hukutana kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la ukoo, mbuzi huchinjwa, na asiyefika hutakiwa kuwaeleza wazee sababu. Posho yangu ilitosha kodi ya chumba na chakula, lakini haikukaribia nauli ya ndege. Jioni ile nilimpigia mama simu, akaniuliza nimekula nini, nikamjibu kwamba nimekula injera, mkate mpana na laini wa kule, pamoja na shiro, mchuzi wa unga wa dengu, naye akanyamaza kidogo kabla ya kumpa simu mjomba. Hata hivyo, lililonielemea halikuwa upweke wa siku yenyewe. Lilikuwa ni kukosa hata mtu mmoja barabarani aliyejua kwamba leo ni sikukuu.

Wenzangu wawili wa kujitolea, wote kutoka Ulaya, walikuwa wamepanga dawa ya hali hiyo tangu mwanzoni mwa mwezi. Walipendekeza shule iwe na sherehe tarehe 25, yenye keki na peremende kwa kila mwanafunzi. Nia ilikuwa njema kabisa. Kasoro ni kwamba kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi mkesha wa Genna Waorthodoksi huwa katika mfungo, hawali nyama, mayai, maziwa wala siagi, na keki ya kawaida ina vitatu kati ya hivyo vinne. Mtoto angewekwa mahali pa kuchagua kati ya kuvunja mfungo mbele ya wenzake na kukataa zawadi ya mwalimu, na sioni ni kwa haki gani mgeni amweke mtoto mahali hapo. Makamu mkuu wa shule aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akawajibu kwa upole kwamba wazo ni zuri na lingeweza kungojea tarehe 29 ya Tahsas. (Siku hiyo, bila shaka, shule ilikuwa imefungwa.)

Genna ilipofika, tayari soko lilikuwa limebadilika kwa siku kadhaa: bei ya kuku ilikuwa imepanda, kondoo walikuwa wakiburutwa kila njia, na harufu ya pilipili ya berbere ilitoka kila nyumba. Mama mwenye nyumba alinichukua kwenye ibada ya usiku. Mji ule uko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari na una kiwanda cha mablanketi, na usiku ule nilielewa kwa nini. Watu walisimama kwa saa nyingi wakiwa wamejitanda netela, yaani shuka nyepesi, nyeupe za pamba, na tuliporudi kabla ya mapambazuko mfungo ulifunguliwa kwa doro wot, mchuzi mzito wa kuku wenye mayai ya kuchemsha. Hapo ndipo nilipokutana na gursha, yaani tonge ambalo mwenyeji hulikunja kwa mkono wake na kukutia kinywani, wala moja halitoshi. Mtu aliyezoea kujiona kuwa ndiye mtoaji hupata tabu kidogo kufungua kinywa, lakini hana njia nyingine. Baadaye ilifuata kahawa ya mizunguko mitatu, na nje vijana wakafukuzana na mpira wa mti kwa fimbo zilizopinda, mchezo ambao nao huitwa genna.

Faida ya kufuata sikukuu ya wenyeji niliiona darasani. Shule ilipofunguliwa niliwaomba wanafunzi wanieleze kwa Kiingereza kanuni za mchezo ule, ambazo kwa kweli sikuzielewa, na wavulana wa viti vya nyuma waliokuwa hawajawahi kunyanyua mkono wakaanza kusahihishana. Wao nao wakauliza habari za Krismasi ya Marangu. Nikawasimulia yote, nao hawakushangazwa na mbuzi wala na pombe ya ndizi. Walishangaa jinsi tunavyoweza kuila sikukuu bila kufunga kwanza.

Kwa hiyo anayejiandaa kwenda kujitolea, hasa Ethiopia, aombe kalenda ya shule kabla ya kukata tiketi, na asiulize siku za mapumziko tu, aulize pia siku za mfungo, kwa kuwa Jumatano na Ijumaa nyingi za mwaka nazo zimo. Na asipange kurudi nyumbani mara baada ya Genna, kwa sababu Januari 19 ni Timket, sikukuu ya Ubatizo, na wenyeji wake watataka awepo.